Namba Iliyobaki Ndani: Ripoti za Vale na Bwawa la Brumadinho

Saa 6:28 mchana, Ijumaa ya tarehe 25 Januari 2019, Bwawa la Kwanza la mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão lilibomoka karibu na mji wa Brumadinho, jimbo la Minas Gerais, Brazil. Tuta lake lilikuwa na kimo cha mita 86. Jopo la wataalamu lililochunguza chanzo lilieleza kwamba uso wa tuta uliporomoka ndani ya sekunde zisizofika 10, na kabla ya dakika 5 kwisha mita za ujazo milioni 9.7 za tope la mabaki ya mgodi, karibu robo tatu ya kilichohifadhiwa, zilikuwa zimeshatoka. Chini ya tuta, kwenye njia ya tope, kulikuwa na ofisi za mgodi na kantini, na saa ile watu walikuwa mezani. Waliokufa ni 270. Familia zao huhesabu 272, kwa sababu wanawake wawili kati ya waliokufa walikuwa wajawazito.

Mgodi huo ulikuwa wa Vale, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za madini ya chuma duniani. Wahandisi wamekichambua kisa hiki sana, na kazi yao ni nzuri. Mimi nakitazama upande wa karatasi: ripoti ya uendelevu (inayoeleza athari za kampuni kwa watu na mazingira), hesabu za mwaka, hati za uthabiti na nyaraka za ndani za kampuni. Ukiziweka karatasi hizo mezani pamoja unaona kwamba kabla ya tope kuwafikia watu, ukweli uliokuwa unawahusu ulikuwa umeandikwa tayari, tena kwa tarakimu, ila uliandikwa mahali ambapo wao wasingeweza kuusoma.

Bwawa lenyewe

Ujenzi ulianza mwaka 1976 chini ya kampuni nyingine, Ferteco, na Vale ikalipata bwawa mwaka 2001 ilipoinunua kampuni hiyo. Tuta liliinuliwa kwa hatua, awamu baada ya awamu, hadi mwaka 2013. Mwaka 2016 umwagaji wa tope jipya ulikoma. Kila tuta jipya lilijengwa kuelekea ndani, likakaa juu ya tope lililokwisha kumwagwa. Ni njia rahisi kwa gharama, lakini ina hatari inayojulikana vizuri: tope lililoshiba maji linaweza kupoteza nguvu kwa ghafla na kutiririka, na kila kilichojengwa juu yake kikaenda nalo.

Vale haikuhitaji kusoma vitabu ili kulijua hilo. Tarehe 5 Novemba 2015, katika jimbo hilohilo, bwawa la Fundão karibu na Mariana lilibomoka na kuua watu 19. Lilikuwa la Samarco, ubia wa Vale na kampuni nyingine ya madini, BHP. Fabio Schvartsman alipoingia kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu mwaka 2017, kaulimbiu yake ilikuwa kwamba yaliyotokea Mariana yasitokee tena kamwe. Kwa hiyo miaka mitatu kabla ya Brumadinho hakuna suala ambalo wadau wa kampuni hii waliliuliza zaidi kuliko hili: mabwawa yenu ni salama?

Jibu la nje na jibu la ndani

Jibu la nje lilitolewa kwenye ripoti za uendelevu na nyaraka nyingine zilizopelekwa kwa wawekezaji. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyofunguliwa mwaka 2022 na SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya dhamana (hisa na hati fungani) nchini Marekani, ripoti hizo ziliwahakikishia wasomaji kwamba kampuni inafuata taratibu kali kabisa za kimataifa katika kupima usalama wa mabwawa, na kwamba asilimia 100 ya mabwawa yake yamethibitishwa kuwa thabiti.

Asilimia 100 ni jibu linalofunga mazungumzo. Haliachi bwawa hata moja ambalo msomaji anaweza kulitaja kwa jina na kuuliza habari zake. Pia linachanganya vitu viwili: bwawa kuwa na hati ya uthabiti, na bwawa kuwa thabiti. Ripoti ilihesabu hati. Msomaji akaelewa mabwawa.

Jibu la ndani lilijulikana baada ya msiba. Februari 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti juu ya nyaraka za Vale lililokuwa limeziona. Moja, ya Novemba 2017, iliweka kanuni kwamba bwawa lolote ambalo uwezekano wa kubomoka kwake unazidi mara 1 katika 10,000 kwa mwaka lifikishwe mbele ya mkurugenzi mkuu na bodi. Nyingine, ya Oktoba 2018, iliweka Bwawa la Kwanza kwenye kundi la mabwawa ya kuangaliwa kwa makini, uwezekano wake ukiwa mara 1 katika 5,000, yaani maradufu ya kiwango cha juu ambacho kampuni yenyewe ilisema inaweza kukivumilia. Kampuni ilikuwa pia imekadiria kwamba bwawa hilo likibomoka gharama ingefika dola bilioni 1.5, na kwamba watu zaidi ya 100 wangeweza kufa.

Vale ilijibu kwamba haikuwa na ripoti yoyote iliyoonyesha bwawa liko karibu kubomoka. Nalipokea jibu hilo kama lilivyo, na nitalirudia, maana lina uzito wake. Lakini angalia linajibu nini. Linajibu swali la lini. Halijibu swali la kwa nini msomaji wa nje aliambiwa 100 wakati msomaji wa ndani alikuwa na 1 katika 5,000.

Hesabu iliyowafuta watu

Hapa ndipo ningetaka kila mhasibu na kila mwandishi wa ripoti za uendelevu akae kidogo.

Chukua makadirio ya kampuni yenyewe: hasara ya dola bilioni 1.5, uwezekano wa 1 katika 5,000 kwa mwaka. Zidisha kama tunavyofundishwa kuzidisha hatari. Unapata dola 300,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 Vale ilipata faida halisi ya dola bilioni 6.86. Kwa kampuni ya namna hiyo, dola 300,000 haifiki hata mlangoni mwa mkaguzi wa hesabu. Hakuna kizingiti cha uzito wa taarifa ninachokijua ambacho tarakimu hiyo ingekivuka. Mtu angeweza kuandaa hesabu kwa uaminifu mtupu, akafanya zoezi hili, akaona hakuna cha kuandika.

Kwenye kuzidisha huko ndiko watu mia walikopotelea. Walikuwepo kwenye nyaraka za ndani kama watu, wakageuzwa kuwa sehemu ya gharama, gharama ikagawanywa kwa 5,000, na kilichobaki kikawa kidogo kuliko bili nyingi za ofisi. Njia hiyo ina mantiki kwa mtu mwenye hisa za kampuni hamsini, kwa sababu hasara ya moja inafidiwa na faida ya nyingine. Haina mantiki kwa mtu mwenye maisha mamoja na meza moja ya chakula cha mchana. Kwake uwezekano mdogo hauifanyi hasara kuwa ndogo.

Kwa hiyo nikisema haki kwa wadau katika utoaji wa taarifa, simaanishi kila mdau apewe kurasa sawa kwenye ripoti. Namaanisha kwamba hatari ipimwe pia kwa kipimo cha yule anayeibeba. Kwa mwekezaji kipimo ni fedha na uwezekano. Kwa mfanyakazi wa kantini kipimo ni ukubwa wa madhara na kama yanaweza kurekebishwa. Viwango vya GRI, ambavyo kampuni nyingi za madini hutumia katika ripoti za uendelevu, vinataka kampuni ieleze athari zake kwa watu na mazingira hata pale ambapo haziigusi mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Msingi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitoa namba kwenye kabati la idara ya mabwawa na kuipeleka kwenye meza ya anayeandika ripoti.

Na hata kwa kipimo cha mwekezaji peke yake, makadirio yalikuwa ya chini mno. Mwaka 2019 Vale iliandika hasara halisi ya dola bilioni 1.683, na athari ya Brumadinho kwenye matokeo ya mwaka huo ilifika dola bilioni 7.4. Februari 2021 ilisaini makubaliano na jimbo la Minas Gerais ya reali (sarafu ya Brazil) bilioni 37.68. Siku ya kwanza ya soko baada ya msiba, Jumatatu tarehe 28 Januari, hisa zake ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 24, na reali bilioni 71 hivi za thamani ya soko zikaondoka ndani ya siku moja.

Saini

Ile asilimia 100 ilisimama juu ya hati za uthabiti, na hati hizo zilisimama juu ya saini za kampuni za nje. Ya Bwawa la Kwanza ilisainiwa mwaka 2018, Juni na tena Septemba, na TÜV SÜD, kampuni ya ukaguzi yenye makao yake Ujerumani.

Wahandisi hutumia uwiano wa usalama: nguvu ya tuta kuhimili, ikigawanywa kwa nguvu inayolisukuma. Ukifika 1 tuta liko ukingoni. Mwaka 2017 kampuni nyingine ya ushauri, Potamos, ilipima uwezekano wa tope kugeuka kimiminika ikapata 1.06. Jopo la wataalamu lililoitwa na Vale yenyewe lilikuwa limependekeza uwiano huo usiwe chini ya 1.3. Potamos haikuendelea na kazi. TÜV SÜD ilipima ikapata 1.09, tofauti ndogo sana, lakini ikaulinganisha na kizingiti cha 1.05. Kwa kizingiti hicho bwawa lilifaulu.

Wachunguzi walipata barua pepe ya Mei 2018 ambamo mhandisi wa upande wa mkaguzi alieleza wasiwasi wake: kama mahesabu hayatafika, kiutaratibu hawawezi kusaini, lakini Vale itawabana ukutani na kuwauliza, mtasaini au hamsaini? Walisaini.

Anayesoma ripoti ya uendelevu haoni lolote kati ya haya. Haoni 1.09. Haoni kwamba kizingiti kimeshushwa. Haoni kwamba mshauri mmoja alitoka na mwingine akaingia, wala kwamba aliyesaini ana mikataba mingine ya ushauri na kampuni anayoikagua. Yote yanakusanywa, yanafinywa, yanakuwa neno moja: imethibitishwa. Kwenye ukaguzi wa hesabu za fedha tumejifunza kwa machungu kwamba mkaguzi akibadilishwa, sababu yake inapaswa kujulikana, na malipo yake ya kazi zisizo za ukaguzi yanapaswa kuonekana. Sioni kwa nini anayesaini kwamba tuta la mita 86 halitaangukia kantini aandikiwe masharti mepesi kuliko anayesaini kwamba stoo ina mali ya kutosha.

Hesabu za mwaka 2018

Kuna jambo kwenye taarifa za fedha ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwaka wa hesabu ulifungwa tarehe 31 Desemba 2018, siku 25 kabla ya msiba. Hesabu zilitoka mwishoni mwa Machi 2019, wakati miili bado ilikuwa inatafutwa kwenye tope. Kampuni iliuweka msiba kwenye maelezo ya ziada kama tukio la baada ya tarehe ya mizania, lisilobadilisha tarakimu za mwaka uliofungwa. Faida ya dola bilioni 6.86 ikabaki palepale.

Kwa mujibu wa IAS 10, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu matukio ya baada ya kufunga hesabu, sina ugomvi na uamuzi huo. Kiwango kinauliza kama hali iliyoleta hasara ilikuwepo siku ya kufunga hesabu, na siku hiyo tuta lilikuwa bado limesimama. IAS 37, kiwango kingine kuhusu fedha zinazotengwa kwa madai, nayo inataka dhima itokane na tukio lililokwisha kutokea. Ukisoma kanuni kwa herufi, kampuni iko salama.

Lakini hali gani haikuwepo tarehe 31 Desemba? Uwiano wa 1.09 ulikuwepo. Waraka wa Oktoba ulikuwepo. Kantini ilikuwa pale ilipo. Kilichokosekana ni kubomoka tu. Kanuni za uhasibu zimejengwa kungoja tukio, na kwa mambo mengi hiyo ni busara, maana bila hivyo kila kampuni ingejaza mizania kwa hofu au matumaini yake. Ndiyo sababu sehemu ya maelezo ya uongozi na ripoti ya uendelevu zipo: kubeba kile ambacho mizania haiwezi kukibeba bado. Vale ilipotumia ripoti ya uendelevu kutuliza badala ya kueleza, ilifunga dirisha pekee lililobaki wazi. Hatari haikuonekana kwenye fedha kwa sababu kanuni hazikuruhusu, na haikuonekana kwenye uendelevu kwa sababu walioandika hawakutaka. Ripoti mbili zikasomeka vizuri pamoja, kila moja ikiitegemea nyingine.

Nani alilindwa na sheria

Baada ya msiba, mdau aliyekuwa na njia ya wazi zaidi ya kudai kwamba ameandikiwa ripoti ya kupotosha ni mwekezaji. SEC ilifungua shauri tarehe 28 Aprili 2022 kwa sababu dhamana za Vale zilikuwa zikiuzwa New York. Ilidai kwamba kampuni ilipotosha kuhusu usalama wa bwawa serikali za mitaa, jamii na wawekezaji, na kwamba kwa miaka mingi ilijua bwawa halifikii viwango vinavyotambulika kimataifa. Machi 2023 shauri lilikwisha kwa makubaliano, si kwa hukumu, na Vale ikalipa dola milioni 55.9.

Naiheshimu kesi hiyo. Ni mojawapo ya kesi chache zilizoichukulia ripoti ya uendelevu kama ahadi yenye matokeo ya kisheria, si kama kijitabu cha matangazo. Hata hivyo, isome tena kwa macho ya mtu wa Brumadinho. Sheria ya dhamana inamlinda aliyenunua dhamana. Vifo vya watu 270 vimo humo, lakini vimo kama sehemu ya maelezo ya jinsi wenye hisa walivyopoteza thamani. Mfanyakazi wa mgodi alipotoshwa na sentensi ileile, ila sheria hiyo haina mahali pa kumweka kama msomaji wa ripoti.

Na alikuwa msomaji mwenye haki kubwa kuliko wote. Mwekezaji akiambiwa 1 katika 5,000 anaweza kuuza hisa zake kabla ya jioni. Mfanyakazi akiambiwa anaweza kudai kantini ihamishwe. Dai hilo lingekuwa dogo mno kwa kampuni ya ukubwa ule, na ndilo lingeokoa wengi zaidi: majengo yaliyokuwa chini ya tuta yangeweza kuhamishwa bila kuligusa tuta lenyewe. Chama cha wafanyakazi kingekuwa na hoja mkononi. Halmashauri ya mji ingekuwa na sababu ya kuuliza juu ya ving'ora, ambavyo siku ile havikulia. Watu wa Pataxó Hã-Hã-Hãe wa kijiji cha Naô Xohã, walioishi kwa maji ya mto Paraopeba uliojaa tope, wangejua mapema kwamba mto wao umo kwenye hesabu ya mtu mwingine.

Sheria za mabwawa za Brazil zina jina la eneo lililo chini kabisa ya tuta: eneo la kujiokoa mwenyewe. Ni pale ambapo tope litafika kabla mamlaka hazijapata muda wa kuingilia, kwa kawaida ndani ya kilomita 10 au dakika 30. Mtu ambaye serikali imekiri kwamba hakuna atakayewahi kumfikia ndiye aliyestahili kupewa habari kamili kabla ya mwingine yeyote.

Hoja ya upande wa pili

Kuna utetezi ambao si wa kupuuza. Jopo lililochunguza chanzo cha msiba lilisema bwawa halikuonyesha dalili za wazi za kuharibika kabla ya kubomoka. Namba ya 1 katika 5,000 ni makadirio, na makadirio ya namna hiyo hubeba dhana nyingi. Kampuni ikichapisha uwezekano wa kila bwawa, watu wasio wataalamu wanaweza kuingiwa na hofu isiyo na msingi, bei za nyumba zikaanguka, na idara za uhandisi zikaacha kuandika ukweli hata ndani kwa kuogopa utachapishwa.

Hoja ya mwisho ndiyo ninayoiona nzito. Ni kweli kwamba ukimlazimisha mhandisi aandike kila wasiwasi wake mbele ya umma, unaweza kumfundisha kunyamaza. Lakini tazama kampuni ilifanya nini na makadirio yaleyale. Iliyaamini vya kutosha kuyafanya kizingiti cha kufikisha suala kwa bodi. Iliyaamini vya kutosha kukokotoa dola bilioni 1.5. Namba inayofaa kuongozea maamuzi ya ndani haiwezi kuwa duni mno kwa walio chini ya tuta. Kama ina mashaka, mashaka yaandikwe pembeni yake. Hofu nayo haikuzuiwa, ilicheleweshwa tu. Iliwafikia watu kama sauti ya tuta linapobomoka, wakati haikuwa na faida tena.

Nimejaribu kuandika aya ambayo ripoti ya uendelevu ingeweza kubeba. Ni yangu, haikuwahi kuchapishwa na yeyote:

"Bwawa la Kwanza la Córrego do Feijão halipokei tope tangu 2016. Lina hati ya uthabiti. Uwiano wake wa usalama dhidi ya tope kugeuka kimiminika ni 1.09, jopo letu la wataalamu linapendekeza 1.3, na aliyesaini ametumia kizingiti cha 1.05. Makadirio yetu ya uwezekano wa kubomoka ni maradufu ya kiwango tunachokubali. Ofisi na kantini zimo kwenye njia ya tope, na tunakadiria kwamba watu zaidi ya 100 wangeweza kufa. Tarehe ya kuyahamisha majengo hayo ni hii, na anayewajibika ni huyu."

Aya hiyo haina siri ya biashara hata moja. Mshindani wa Vale asingefaidika chochote nayo. Ugumu wake ni kwamba ukishaiandika huwezi kuiacha sentensi ya mwisho bila tarehe. Nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa ya taarifa ya haki ndani ya kampuni, kabla hata haijamfikia msomaji wa nje: inamlazimisha anayeiandika kukabili kile alichokwisha kukijua.

Yaliyobadilika, na pengo lililobaki

Wiki mbili tu baada ya msiba kulitokea jambo linaloonyesha saini inaweza kufanya nini. Kampuni ya ukaguzi ilikataa kutoa hati ya uthabiti kwa bwawa jingine la Vale, Sul Superior la mgodi wa Gongo Soco, katika mji wa Barão de Cocais. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 2019 ving'ora vililia na watu wapatao 500 wakaondolewa majumbani. Maisha yao yalivurugika, na uchungu wa kutoka kwenye nyumba zao haukuwa mdogo. Lakini taarifa iliwafikia wakiwa hai, kwa sababu mtu mmoja kwenye mnyororo hakukubali kuandika neno lisilo kweli.

Mwezi huohuo mamlaka ya madini ya Brazil ilipiga marufuku mabwawa ya aina ya Brumadinho, na sheria ya mwaka 2020 ikakazia. Wawekezaji nao, wakiongozwa na bodi ya pensheni ya Kanisa la Uingereza na baraza la maadili la mifuko ya pensheni ya AP ya Sweden, waliziandikia mamia ya kampuni za uchimbaji wakitaka kila bwawa liorodheshwe kwa jina, aina, ukubwa na historia ya uthabiti wake, na majibu yawe na saini ya ngazi ya juu ya kampuni. Hiyo ndiyo dawa hasa ya asilimia 100: bwawa moja baada ya jingine. Agosti 2020 kikatoka kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabaki ya migodi, kinachotaka jamii zilizo hatarini zishirikishwe na zipewe taarifa.

Upande wa viwango vya ripoti, Juni 2023 vilitoka IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu, na Brazil ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuvikubali; kwa azimio namba 193 la mamlaka yake ya soko la mitaji, kampuni zilizoorodheshwa zinatakiwa kuvitumia kuanzia mwaka 2026. Ni hatua kubwa, na nitaisifu bila kusita: hatari za uendelevu sasa zinatakiwa kuungana na taarifa za fedha, zisikae kwenye kitabu cha picha nzuri.

Ila S1 imeandikwa kwa ajili ya mwekezaji, mkopeshaji na mdai mwingine. Taarifa ina uzito ikiwa inaweza kubadilisha uamuzi wao. Rudisha dola 300,000 zetu kwenye kipimo hicho uone. Mwandaaji anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba tukio la uwezekano mdogo lenye matokeo mazito linahitaji kuangaliwa, na viwango vinamruhusu. Anaweza pia kuzidisha na kupita. Ulaya imechagua njia ya vipimo viwili, kampuni ieleze kinachoathiri fedha zake na kile inachowafanyia watu, ingawa mjadala wa kupunguza mzigo wa sheria hizo umekuwa mkali. Kwa kampuni yenye tuta juu ya watu, nashikilia kipimo cha pili kisiwe hiari. Ningetaka kuona, kwenye ukurasa uleule wa maelezo ya hesabu unaotaja fedha zilizotengwa kubomoa mabwawa ya zamani, safu mbili za ziada: uwiano wa usalama wa kila bwawa kama ulivyo, pamoja na kizingiti kilichotumika, na idadi ya watu walio kwenye eneo la kujiokoa chini yake. Mkaguzi azipitie kwa uzito uleule anaoupa salio la benki.